Picha, mchoro au maandishi? Kuchagua bango la filamu ya kutisha ya wanafunzi

Bango la filamu ya wanafunzi karibu kila mara hutengenezwa mwisho kabisa, na mtu ambaye tayari amechoka. Uhariri umekula muda, sauti bado haijakaa sawa, tarehe ya kuonyesha imeshatangazwa, ndipo mtu anauliza, "Jamani, bango liko wapi?" Hapo kundi linagawanyika. Mmoja anataka sura ya mwigizaji mkuu akiwa ametoa macho. Mwingine ana rafiki anayejua kuchora. Wa tatu anasema jina la filamu peke yake juu ya weusi linatosha kabisa.

Wote watatu wana hoja, na njia zote tatu zimewahi kuzaa mabango mazuri sana. Tatizo ni kwamba kundi huchagua kwa kuangalia nani anaongea kwa sauti kubwa, au nani ana kompyuta. Nadhani uchaguzi huu unastahili kufanywa mapema na kwa utulivu, kwa sababu kila njia inadai maandalizi tofauti, na mengine hayawezi kufanyika tena baada ya siku ya mwisho ya kurekodi.

Ili ulinganisho usibaki hewani, nitazipitisha njia zote kwenye filamu moja ya kubuni. Tuseme ni ya dakika 12, inaitwa Nani Anafagia?. Msichana amebaki peke yake hosteli wakati wa likizo. Kila ikifika saa nane usiku anasikia ufagio wa chelewa ukipita uani, polepole, bila kupumzika. Aliyelelewa na bibi anajua kwamba usiku hapafagiliwi. Asubuhi mchanga una mistari ya ufagio kutoka ukuta hadi ukuta, na hakuna hata unyayo mmoja.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni aina ya hofu. Kuna hofu ya kitu kinachoweza kukupata leo ukitoka bafuni, na kuna hofu ya kiumbe ambacho hakijawahi kupigwa picha. Bango linalofaa moja linaweza kuiharibu nyingine.

Cha pili ni mlichonacho mkononi: kamera, mtu wa kuchora, jicho la kupanga herufi, muda na pesa. Cha tatu ni simu, maana watu wengi wataliona bango lenu kwanza kwenye status ya WhatsApp au kwenye Instagram, dogo, wakiwa wanapitisha kidole. Cha nne ni karatasi: steshenari ya jirani, mashine ya leza, fotokopi, au duka la mabango makubwa. Cha tano ni haki na ruhusa, jambo ambalo wanafunzi hulikumbuka pale tu mtu anapolalamika.

Bango la picha

*Linavyotisha.* Nguvu ya picha ni kwamba mtazamaji anaiamini. Inamwambia mahali hapa papo, mtu huyu yupo, na jambo hili limetokea. Kwa hiyo inafaa sana hofu ya maisha ya kawaida: korido ya hosteli, nyumba ya kupanga, kituo cha daladala baada ya watu kwisha. Bango la The Exorcist la mwaka 1973, lililobuniwa na Bill Gold, limejengwa juu ya picha ya tukio la kwenye filamu yenyewe: mwanamume mwenye kofia na begi amesimama chini ya taa ya barabarani, na mwanga wa dirisha la nyumba unamwangukia. Hakuna pepo wala damu, na mwanamume mwenyewe ni kivuli tu. Ukilitazama unajua kwamba yuko karibu kuingia mahali ambapo mtu hapaswi kuingia.

Makundi mengi huenda moja kwa moja kwenye sura inayopiga kelele. Naelewa inakotoka. Makava ya Bongo Movie yalipanga sura za waigizaji kwa sababu mnunuzi alikuwa anamfuata nyota wake, na kwa biashara ile ilikuwa hesabu sahihi. Mwigizaji wenu, hata awe hodari namna gani, bado hajulikani. Sura yake kubwa haimpi mpita njia sababu ya kusimama. Mahali na kitu vinaweza kumpa.

Kwa Nani Anafagia?, mimi ningepiga uwanja wenyewe. Ufagio umesimama wima katikati ya mchanga bila kushikwa na mtu, na nyuma kabisa, mlangoni, msichana anaonekana kwa mbali akiwa nje ya fokasi. Siri iko kwenye mwanga. Ukiwasha taa ya juu mchanga unakuwa bapa na mistari ya ufagio inapotea. Chukua tochi moja, iweke chini kabisa karibu na ardhi, upande mmoja wa fremu, imulike kwa mlalo. Kila mstari uliochorwa na chelewa utapata kivuli chake, na uwanja mzima utaonekana umepitiwa na mkono fulani. Ufagio unaweza kushikwa na uzi mwembamba unaofutwa baadaye, au kuchomekwa kwenye mchanga ukishikiliwa na kipande cha nondo kilichofichwa nyuma yake.

*Mahitaji.* Hapa ndipo makundi mengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Bango la picha linahitaji picha iliyopigwa kwa ajili ya bango. Fremu iliyokatwa kutoka kwenye video haitoshi karatasini, na hesabu yake ni hii. Video ya Full HD ina pikseli 1920 kwa 1080. Ukiikata iwe wima kwa umbo la A3 unabaki na takriban 764 kwa 1080. A3 ina upana wa milimita 297, kwa hiyo unachapa kwa dpi (nukta kwa inchi) 65 hivi, wakati kiwango cha uchapaji mzuri ni 300. Hata video ya 4K, ikikatwa wima, inakupa karibu dpi 130 tu kwenye A3. Simu ya kawaida ya megapikseli 12, ikishikwa wima na kupiga picha tuli, inafika 240 au zaidi kidogo. Yaani simu mfukoni mwa msaidizi wa taa inawapa bango bora kuliko kamera ya sinema, mradi mtu amekumbuka kuitumia.

Kwa hiyo wekeni nusu saa ya picha kwenye ratiba ya siku ya kurekodi, huku taa, mavazi na mwigizaji vikiwa bado tayari. Tumieni stendi, na msiwashe flashi ya simu. Pigeni nyingine zenye nafasi tupu juu au chini, maana jina la filamu litahitaji mahali pa kukaa. Baada ya hapo programu za bure kama GIMP na Photopea zinatosha kabisa.

*Simu na karatasi.* Picha yenye kitu kimoja kinachoeleweka hufanya vizuri kwenye simu. Yenye watu wanne, moshi, mwezi na nyumba inageuka uji. Karatasini tatizo ni giza. Kioo cha simu kinatoa mwanga wake, karatasi haitoi. Kivuli unachokiona vizuri kwenye skrini kinaweza kuzama chote kwenye wino, ukabaki na mstatili mweusi na doa moja jeupe. Kabla ya kuchapa nakala zote, punguza mwanga wa skrini hadi nusu uone kama picha bado inasomeka, ongeza mwanga kwenye maeneo ya kivuli, kisha chapa A4 moja ya majaribio kwenye duka lile lile na mashine ile ile. Fotokopi ya nyeusi na nyeupe sahauni. Picha ya usiku haitoki humo ikiwa hai.

*Haki na ruhusa.* Mwigizaji akubali kwa maandishi picha yake kutumika kwenye bango, kwa sababu bango huzunguka mbali kuliko filamu na linabaki mtandaoni. Akiwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye asaini. Na tafadhali, msipige makaburi ya watu yenye majina yakisomeka. Kuna familia nyuma ya kila jina lile, na hofu ya filamu haistahili kujengwa juu ya msiba wao.

*Linamfaa nani.* Kundi ambalo bado halijamaliza kurekodi, lenye mahali pazuri na mtu anayejua mwanga, na hadithi inayotegemea kuaminika.

Bango la mchoro

*Linavyotisha.* Mchoro unaweza kuonyesha kile ambacho bajeti yenu ilishindwa kukijenga. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilitanda Pemba, ikaingia Unguja na kuvuka hadi bara, na watu wakalala nje kwa makundi. Kila aliyesimulia alikuwa na umbo lake kichwani. Kamera ingeweza kufanya nini hapo? Mkalishe mtu ndani ya vazi la mpira, umpige picha kwa karibu, na hofu imekwisha. Mkono wa mchoraji unaweza kutoa bawa tu, likiwa limefunika nusu ya bati la nyumba, na kumwachia mtazamaji amalizie.

Sisi pia tuna urithi wa kuchora visivyoonekana, nao ni mkubwa. Wachongaji wa Kimakonde walitoa mtindo wa shetani, wenye viungo vilivyopinda na nyuso zilizoyeyuka, na George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliyahamisha maumbo ya aina hiyo kwenye rangi. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 Dar es Salaam kuchora kwa rangi ya mafuta ya kung'aa juu ya vipande vya ubao bandia, mtindo wa rangi bapa, kingo kali na macho makubwa. Mchoraji wa bango la kutisha ana mengi ya kujifunza hapo, hasa namna mnyama anavyoweza kujaza ubao mzima hadi hewa ikaisha. Ghana nayo, kuanzia miaka ya 1980, ilikuwa na wachoraji wa mabango ya kumbi za video za kutembea, waliochora kwa mkono juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja. Mara nyingine mchoraji alikuwa hajaiona filamu yenyewe. Mabango yale yanatafutwa na wakusanyaji duniani hadi leo, kwa sababu hayakuwa na woga.

Hatari ya mchoro ni kuonyesha vyote. Kwa kuwa penseli haina kikomo, mtu anaweka meno, pembe, damu, mifupa na mwezi mwekundu, na mtazamaji hana tena la kuuliza. Kwa filamu yetu ya mfano ningeomba mchoro mmoja kutoka juu kabisa, kama ndege anavyoiona hosteli: paa, mti mmoja, uwanja, na mistari ya ufagio ikizunguka jengo mzunguko baada ya mzunguko. Ukitazama kwa haraka ni uwanja uliofagiliwa. Ukitazama tena, mizunguko imetengeneza jicho, na paa la hosteli ndiyo mboni. Kamera isingelipata hilo, na mtu akiligundua mwenyewe hatalisahau upesi.

*Mahitaji.* Kinachotakiwa zaidi ni mtu na muda. Vifaa si ghali: karatasi ya A4, penseli, kalamu ya wino mweusi. Jambo moja la kiufundi lina faida kubwa hapa. Mchoro wa A4 ukiskaniwa kwa dpi 600 unatoa pikseli 4961 kwa 7016, na hizo ndizo pikseli za A2 kwa dpi 300. Karatasi ya daftari la kuchorea inakuwa bango la ukutani bila kupoteza ubora wowote. Mwambieni wa steshenari aweke 600, kwa sababu mashine nyingi huachwa kwenye 200 au 300, na msipige mchoro kwa simu mkidhani ni sawa. Anayechora moja kwa moja kidijitali ana Krita kwenye kompyuta na ibis Paint kwenye simu. Aanze na turubai ya ukubwa kamili tangu mwanzo, maana kuikuza baadaye hakuongezi kitu.

Mchoraji naye anahitaji maelekezo. "Chora kitu cha kutisha" ni ombi linalomtesa. Mpeni muswada, fremu tatu nne za filamu, na sentensi moja inayosema mtazamaji abaki na hisia gani. Aanze na michoro midogo ya haraka, mchague mmoja, ndipo akae kuchora kwa makini. Faida ambayo njia nyingine hazina: mchoro unaweza kuanza kabla hata ya kamera kuwashwa, na bango la mapema husaidia kuomba mchango, lokesheni na watu wa kujitolea.

Na picha zinazotolewa na akili mnemba? Kwanza someni masharti ya shindano au tamasha mnalopeleka, maana kila moja lina msimamo wake. Pili, kagueni kwa macho makali: ufagio ule ni wa chelewa kweli, au una mpini wa ufagio wa filamu za Ulaya? Hosteli ile ina bati, nondo za dirisha na ndoo mlangoni? Ugeni mdogo kama huo mtazamaji wa kwetu anaunasa papo hapo, na kwangu unaondoa hofu yote.

*Simu na karatasi.* Mistari minene na rangi chache husomeka vizuri hata bango likiwa dogo. Vivuli vya penseli vilivyotiwa kwa upole hupotea. Karatasini mchoro ndio mshindani mgumu. Rangi bapa hazizami, na mchoro wa wino mweusi juu ya nyeupe unatoka vizuri hata kwenye fotokopi. Kundi lisilo na pesa linaweza kuchapa A3 moja ya rangi kwa ajili ya mlango wa ukumbi, na nakala nyingi za fotokopi kwa ajili ya mbao za matangazo, mabweni na kantini.

*Haki na ruhusa.* Andikeni makubaliano mafupi na mchoraji kabla hajaanza: atalipwa au la, jina lake litakaa wapi, mnaweza kutumia mchoro kwenye fulana au la, na nani atatunza mchoro halisi. Urafiki hauondoi haja ya karatasi hiyo, tena unaulinda. Na msichukue mchoro wa mtu mtandaoni mkabadilisha rangi.

*Linamfaa nani.* Filamu yenye kiumbe, jini, mzimu au ndoto. Kundi ambalo picha zake za lokesheni zilitoka vibaya. Na kundi lenye muda wa kutosha kabla ya maonyesho.

Bango la maandishi

*Linavyotisha.* Hapa jina la filamu ndilo picha. Njia hii inafanya kazi pale jina lenyewe lina mwiba. Nani Anafagia? ni swali, na swali lisilojibiwa lina ubaridi wake. Filamu ikiitwa Mapepo tu, haina chochote cha kushika. Ukiipa bango la maandishi umempa mtu neno tu. Bango la Alien la mwaka 1979 liliweka herufi nyembamba zilizoachana sana juu kabisa, chini yake yai lenye ufa unaotoa mwanga, na pembeni weusi mtupu. Kiumbe chenyewe hakionekani. Sehemu kubwa ya hofu ilitoka kwenye nafasi kati ya herufi na kwenye upweke wa yai lile.

Kwetu kuna kitu ambacho wabunifu hawajakitumia vya kutosha, nacho ni kanga. Ina pindo pande zote, ina mji katikati, na chini yake jina, kwa herufi kubwa ndani ya kisanduku. Kila Mswahili anajua kuisoma bila kufundishwa. Fikiria bango lililopangwa kama kanga: pindo la fagio zilizolala moja baada ya nyingine, mji mtupu, na chini NANI ANAFAGIA? Kisha kwenye pindo, kona moja, ufagio mmoja umegeuka upande wa pili. Kwa rangi chukua za kisutu: nyeupe, nyekundu na nyeusi. Ni rangi za arusi, na kuziona kwenye filamu ya kutisha kunamfanya mtu ahisi kuna jambo halijakaa sawa kabla hajajua ni lipi.

Njia nyingine ni kuandika jina kwa kidole kwenye mchanga halisi, kufagia nusu ya neno la mwisho kwa ufagio wa chelewa, na kupiga picha kutoka juu kwa mwanga ule wa tochi ya chini. Haihitaji mwigizaji wala fonti.

Herufi zinazochuruzika damu ziacheni. Zinamwambia mtu aina ya filamu na hazimwambii kitu kingine, na kwa mbali hazisomeki.

*Mahitaji.* Mtu mmoja, kompyuta moja, na Inkscape, ambayo ni ya bure na inatoa herufi zinazokuzwa kiasi chochote bila kuchubuka. Canva nayo inafaa, ila violezo vyake vimeshatumiwa na watu wengi sana. Anzeni na ukurasa mtupu. Gharama ni ndogo kuliko njia nyingine zote, lakini jicho linalohitajika ni kali kuliko zote, kwa kuwa hakuna pa kuficha kosa. Nafasi kati ya herufi mbili ikiwa mbaya, kila mtu ataiona hata kama hatajua kuitaja.

Kiswahili kina shida yake hapa. Maneno yetu ni marefu. Jina kama Waliotutangulia kwenye bango la wima linalazimisha herufi ndogo, au fonti iliyobanwa, au kuvunja neno. Fonti ndefu nyembamba hutatua mengi. Kulipindua neno lisomeke kutoka chini kwenda juu pembeni mwa bango kunaweza pia kufaa. Kulivunja katikati ya silabi kunachosha msomaji, labda kama mkato wenyewe una maana kwenye hadithi. Na jina likiwa na ng', hakikisheni alama ile imeinama kama mkia wa tisa na si wa sita.

*Simu na karatasi.* Kwenye simu njia hii ina nguvu kuliko nyingine, maana jina linasomeka hata bango likiwa dogo sana. Karatasini, eneo kubwa la weusi kwenye mashine ya leza huweza kutoka na michirizi, na kwenye uchapaji mkubwa weusi wa wino mmoja huonekana kijivu. Muulizeni mchapaji mchanganyiko anaopendelea; wengi hutumia kitu kama C60 M40 Y40 K100 (asilimia za wino wa samawati, majenta, njano na mweusi) kwa maeneo makubwa, huku herufi ndogo zikibaki K100 peke yake. Au muachane na weusi kabisa. Mchanga ni mweupe, mchana ni mweupe, na hakuna sheria inayosema hofu ikae gizani. Bango jeupe kwenye ukuta uliojaa mabango meusi linaonekana kwanza.

*Haki na ruhusa.* Suala kubwa ni fonti. Nyingi za mtandaoni zimeandikwa kuwa ni za matumizi binafsi tu. Za Google Fonts zina leseni huria na zinaruhusu hata kazi ya biashara, kwa hiyo anzeni huko.

*Linamfaa nani.* Kundi lenye muda mfupi, jina zuri, na mtu mmoja anayependa kupanga herufi. Pia filamu ambayo siri yake ingefichuliwa na picha yoyote ile.

Yanayozihusu njia zote

Mbali na jina, bango la maonyesho liwe na tarehe, mahali, saa, jina la mwongozaji na waigizaji, na chuo. Saa iandikwe "saa 1:00 usiku", na kama wageni watakuwepo ongezeni saa ya Kiingereza, ili mtu asije saa saba. Mkipeleka filamu kwenye tamasha kama ZIFF la Zanzibar, tengenezeni pia toleo lisilo na tarehe ya chuoni, lenye jina la Kiingereza kwa herufi ndogo chini ya lile la Kiswahili.

Kwa walio Kenya, kumbukeni kwamba kazi ya KFCB, bodi ya kuainisha filamu, inahusu kukagua filamu pamoja na mabango yake, na madaraja ni GE (watu wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 na 18. Filamu ya 18 haihitaji bango linalomtisha mtoto anayepita getini. Walio Tanzania wazungumze na Bodi ya Filamu mapema kama maonyesho ni ya umma.

Faili zitoke nne: PDF ya A3 yenye milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukatwa, 1080 kwa 1350 kwa Instagram, 1080 kwa 1920 kwa status, na 1280 kwa 720 kwa YouTube. Mkimtumia mchapaji kwa WhatsApp, tumeni kama dokumenti. Mkituma kama picha inabanwa, na mtamlaumu bure.

Kwa hali yenu

Kama hamjamaliza kurekodi na lokesheni yenu ina sura, pigeni picha hata kama baadaye mtachagua njia nyingine. Nusu saa ile hairudi.

Kama mmeshamaliza na mna fremu za video tu, msilazimishe bango la picha la karatasi. Fremu hiyo inatosha status na Instagram. Kwa ukutani nendeni kwenye maandishi, au mpeni mchoraji fremu hiyo kama kielelezo.

Kama kiumbe chenu hakikutoka vizuri kwenye filamu, mchoro utakiokoa kwenye bango, ila usiahidi kitu ambacho filamu haina. Mtazamaji aliyevutwa na bawa kubwa atalisubiri bawa hilo dakika zote 12.

Kama pesa iliyopo ni ya fotokopi, chagueni wino mweusi juu ya nyeupe, uwe mchoro au herufi.

Kama zimebaki siku mbili, maandishi. Mchoro wa haraka huonekana ni wa haraka, na picha ya haraka mara nyingi huishia kuwa ile sura ya kupiga kelele.

Kama mnalenga matamasha na mna miezi mbele, changanyeni: mchoro au picha moja yenye nguvu, na jina lililoandikwa kwa mkono na mtu aliyesoma muswada. Fundi wa kuandika mabango ya maduka anaweza kuwaandikia herufi ambazo hazimo kwenye kompyuta ya mtu yeyote.

Na kama bado mnabishana, chukueni karatasi moja, choreni visanduku vitatu vya ukubwa wa kiberiti, kila kimoja kikiwa na wazo la njia moja. Mwonyesheni mtu asiyeijua filamu, kila kisanduku kwa sekunde tatu, kisha muulizeni ameona nini na anadhani hadithi inahusu nini. Fanyeni hivyo kwa watu watano sita, nje ya kundi lenu na nje ya idara yenu, na mwandike majibu yao kama walivyoyasema.